Kifaa Kinachemka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupoza Vifaa Vidogo vya Elektroniki Nyumbani

Maswali haya yanatoka kwa watu wenye ruta sebuleni, dekoda chini ya runinga, kontrola ya sola ukutani na simu ya kazi kwenye kibanda cha mobaili mani. Majibu yameandikwa kwa kufikiria nyumba zetu za Uganda: paa la mabati, vumbi la murram, umeme unaopanda na kushuka. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo. Kabla hujanunua feni, ondoa kinachozuia joto kutoka. Na ikiwezekana, punguza joto palepale linapozaliwa.

Kifaa changu kinakula wati chache tu. Joto hili lote linatoka wapi?

Karibu kila wati inayoingia kwenye ruta au dekoda huishia kuwa joto. Kiasi kidogo sana huondoka kama mawimbi ya redio au mwanga wa vitaa vya mbele. Kilichobaki lazima kipite kwenye ngozi ya kifaa ndipo kiingie hewani, na ngozi yenyewe ni ndogo.

Chukua kisanduku cha plastiki cha sentimita 15 kwa 10 kwa 3. Pande zake zote zikijumlishwa ni takribani sentimita za mraba 450. Katika hewa iliyotulia, kila mita ya mraba hutoa kama wati 10 kwa kila nyuzi moja ambayo uso umeizidi hewa ya chumba. Kwa hiyo kisanduku hicho kikitumia wati 8, uso wake hupanda nyuzi 18 hivi juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 30, uso unafika 48. Ukikishika utasema kinaungua, lakini hakina shida.

Sasa ziba nusu ya uso huo, kitambaa juu na meza chini. Ongezeko linakuwa mara mbili: nyuzi 36 badala ya 18, na uso unafika 66. Wati hazijaongezeka hata moja. Na hiyo ni ngozi ya nje tu. Chipu iliyo ndani ina joto zaidi ya hapo.

Joto gani ni la kawaida, na lipi ni la kuogopa?

Inategemea unazungumzia sehemu gani, kwa sababu ndani ya kifaa kimoja kuna viungo vyenye uvumilivu tofauti kabisa.

Chipu ndizo ngumu kuliko zote. Nyingi hustahimili hadi nyuzi 100 na zaidi kwa ndani, na za kisasa hujilinda zenyewe. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo wanafunzi wengi huitumia kwa miradi, huanza kupunguza kasi ikifika nyuzi 80, na ikikaribia 85 hujibana zaidi. Haitaungua, itakuwa nzito tu, na wewe utadhani intaneti ndiyo mbovu.

Anayekufa mapema ni kapasita, ile mikebe midogo iliyosimama kwenye bodi. Ndani yake kuna majimaji, na joto huyakausha polepole. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza huongeza maisha ya kapasita mara mbili. Soma ubavuni mwake: nyingi zimeandikwa 105°C, na za kawaida huhesabiwa kudumu saa 2,000 kwenye joto hilo. Zikikaa kwenye nyuzi 85 zinapata saa 8,000, yaani miezi 11 ya kuwaka usiku na mchana. Zikikaa kwenye 65 zinapata saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Ndiyo maana dekoda mbili zilizonunuliwa siku moja, moja hufa kabla mwaka haujaisha na nyingine huzeeka na wenyewe. Nyuzi 20 tu ndizo zilizozitenganisha.

Betri ya lithiamu, iwe ya simu au ya pawabenki, ndiyo dhaifu kuliko wote. Isichajiwe ikiwa imezidi nyuzi 45. Ikivimba, imekwisha; usiitoboe, usiichaji tena.

Nitapimaje joto kama sina vifaa vya maabara?

Kidole chako ni kipimo kizuri cha kuanzia, mradi kifaa hakina sehemu ya umeme mkubwa iliyo wazi. Chuma unachoweza kukigusa kwa raha kiko chini ya nyuzi 45 hivi. Ukilazimika kuachia baada ya sekunde chache, kimefika 60 au karibu yake. Plastiki hudanganya kidogo, maana huingiza joto mkononi polepole kuliko chuma, hivyo ikikuunguza ujue kweli ina joto.

Maltimita (kipimo cha umeme cha mafundi) nyingi za bei nafuu huja na waya mwembamba wa kupimia joto. Ubandike kwa seloteki juu ya sehemu unayoitaka na usubiri. Kile kipimajoto cha paji la uso tulichokizoea wakati wa korona hakifai, kwa sababu kimetengenezwa kusoma joto la mwili tu. Cha mafundi chenye miale kinafaa, ila kikielekezwa kwenye alumini inayong'aa kitakupa namba ya chini mno. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya alumini, subiri upate joto lake, upime utepe.

Kompyuta na simu nyingi zinajipima zenyewe. Kwenye Raspberry Pi andika vcgencmd measure_temp na utaona jibu papo hapo. Chochote utakachotumia, pima saa nane au saa tisa mchana, kifaa kikiwa kimewaka angalau nusu saa, na uandike pia joto la chumba. Namba ya kifaa bila namba ya chumba haikuambii kitu.

Nianzie wapi?

Anzia mahali kifaa kilipo. Hapa ndipo kuna faida kubwa kuliko pengine popote, na haigharimu hata shilingi.

Toa kitambaa. Najua vitambaa vya kufuma ni heshima ya sebule, na mama aliyekaa jioni nyingi akifuma hatapenda kuona meza tupu. Viache kwenye makochi na meza. Juu ya dekoda, redio na ruta visikae, kwa sababu matundu ya juu ndiyo mlango wa kutokea hewa moto.

Tenganisha vifaa vilivyopandana. Ruta juu ya dekoda juu ya kisanduku cha runinga: wa chini anampikia wa juu. Viweke kando kwa kando, na uache nafasi ya kiganja kizima juu na pembeni ya kila kimoja.

Kama vipo ndani ya kabati la runinga lenye milango ya vioo, fungua milango au toa mbao ya nyuma. Hewa ya kabati lililofungwa hupashwa joto na vifaa vyenyewe, na baada ya saa chache ruta inaishi kwenye hali ya hewa ya peke yake, ya nyuzi 40 na zaidi. Ruta nyingi zimeandikwa na watengenezaji kwamba hewa inayozizunguka isizidi nyuzi 40.

Halafu angalia paa. Sisi tuko kwenye ikweta, jua la mchana liko karibu wima juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo mabati ndiyo yanayopokea kipigo kuliko ukuta wowote. Bati lisilo na dari chini yake linaweza kupita nyuzi 50 na kumwaga joto hilo chini kama mwanga usioonekana. Watu hupenda kutundika ruta juu sana ili mtandao ufike mbali. Kwenye nyumba isiyo na dari, ishushe hadi usawa wa kifua. Mtandao hautapungua sana, ila joto litapungua. Epuka pia ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri na kubaki na joto hadi saa mbili usiku. Walioko Gulu, Arua na Kasese wanalijua hili kuliko wa Kabale kwenye baridi. Januari na Februari kule kaskazini hewa ya mchana hupita nyuzi 30 mara nyingi, na kifaa hakiwezi kupoa chini ya hewa inayokizunguka.

Mwisho, inua kifaa kutoka mezani. Vifuniko vinne vya chupa za soda chini ya pembe zake vinatosha kupitisha hewa kwenye matundu ya chini. Ruta nyingi zina tundu la kutundikia ukutani. Ikisimama wima hewa hupanda pande zote mbili na hupoa vizuri zaidi kuliko ikilala.

Ni kweli kwamba miinuko yetu inaathiri jambo hili?

Kweli, kidogo. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni, yaani feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Faida tuliyonayo ni kwamba hewa yetu si moto kama ya pwani. Ukisoma hesabu za watu wanaoishi usawa wa bahari, ongeza asilimia 10 hadi 15 kwenye ukubwa wa hitisinki (kipande cha alumini cha kutawanya joto) au feni na utakuwa salama.

Nitoboe matundu kwenye ganda la plastiki?

Kama kifaa kinalishwa na adapta ya nje ya volti 5 au 12, unaweza. Kifungue kwanza, toa bodi kabisa, ndipo utoboe. Vumbi la plastiki na mabaki ya drili yasibaki ndani. Toboa safu ya chini na safu ya juu, si katikati. Hewa baridi iingie chini, ipate joto, ipande itoke juu. Umbali wa wima kati ya safu hizo mbili ndio unaoipa nguvu ya kupanda. Matundu ya milimita 3 yanatosha, na madogo hivyo humzuia mjusi.

Kama kamba ya umeme ya volti 240 inaingia moja kwa moja ndani ya kifaa, usitoboe. Ganda hilo ndilo linalomkinga mtoto wako.

Hitisinki ni nini, na nitajuaje kama naihitaji?

Ni kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachokaa juu ya chipu au transista. Haipozi kwa uchawi. Inachukua joto lililobanwa kwenye eneo la ukucha na kulitandaza kwenye uso mpana ili hewa iligawane.

Wengi hubandika hitisinki kwa kukisia. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kujulikana. Kila njia ya joto ina ukinzani wake, unaopimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Zidisha ukinzani kwa wati, upate ongezeko la joto.

Mfano halisi. Una betri ya sola ya volti 12 na unataka volti 5 za kuendesha kifaa kinachovuta nusu ampia. Fundi anakuwekea regulata ya 7805, kile kipande cha kushusha volti chenye miguu mitatu. Regulata hiyo inatupa tofauti yote kama joto: volti 7 mara ampia 0.5, ni wati 3.5. Bila hitisinki, ukinzani wake hadi hewani ni kama nyuzi 65 kwa wati. Zidisha: nyuzi 227 juu ya joto la chumba. Haiwezekani, na kwa kweli itajizima yenyewe kabla ya kufika huko. Utaona kifaa kinawaka, kinazima, kinawaka tena. Weka hitisinki ya nyuzi 10 kwa wati. Ongeza 5 za ndani ya regulata yenyewe na 1 ya maungio, jumla 16. Sasa 16 mara 3.5 ni 56, na chumba cha nyuzi 30 kinakufikisha 86. Inafanya kazi.

Lakini mimi ningekushauri usiiweke kabisa. Badala ya 7805, nunua bakikonveta, ile bodi ndogo ya kushusha volti yenye koili juu yake. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, kwa mzigo uleule itapoteza chini ya wati 0.3. Umeondoa zaidi ya wati 3 za joto bila pezi hata moja, na betri yako inadumu zaidi usiku. Kila mara jiulize kwanza kama joto hilo lilihitaji kuzaliwa.

Pale hitisinki inapohitajika, isimamishe ili mapezi yawe wima na hewa ipite katikati yake ikipanda. Ikilazwa kwa upande, mapezi yanageuka kuwa ukuta. Na huna haja ya kununua mpya: ubaomama wa kompyuta iliyokufa, amplifaya ya zamani, hata chakavu za alumini kwa mafundi vyuma wa Katwe, vyote vina vipande vizuri vya kukata kwa msumeno. Hakikisha tu haigusi miguu ya sehemu nyingine kwenye bodi, maana alumini hupitisha umeme.

Pesti ya joto ni ya lazima? Nimesikia dawa ya meno inafaa.

Vyuma viwili vikigusana, kwa macho vimeshikana, lakini kati yake kuna mashimo madogo yaliyojaa hewa. Alumini hupitisha joto mara elfu kadhaa kuliko hewa, kwa hiyo hewa hiyo kidogo inaharibu kazi yote. Pesti ipo kujaza mashimo, si kuwa tabaka nene. Kiasi cha punje ya mchele kwenye chipu ndogo kinatosha. Ukiibandika nene unarudisha kizuizi ulichotaka kukiondoa.

Dawa ya meno ina maji. Siku ya kwanza itaonekana kufanya kazi, kisha inakauka, inapasuka, na unabaki na unga. Grisi ya gari huyeyuka na kutiririka kwenye bodi. Nunua pesti yenyewe, na kama hitisinki haina skrubu ya kuishika, nunua gundi ya joto au utepe wa joto. Safisha pesti ya zamani kwa spiriti ya dukani. Waragi isitumike: zaidi ya nusu yake ni maji.

Nikipaka hitisinki rangi nyeusi itapoa zaidi?

Alumini iliyong'arishwa hutoa joto vibaya sana kwa miale, na rangi huibadilisha hali hiyo. Ila weusi sio siri. Kwenye miale ya joto, rangi nyeupe ya kawaida isiyong'aa hutoa joto karibu sawa na nyeusi. Paka safu moja nyembamba, usipake sehemu inayogusana na chipu. Kama kuna feni, usijisumbue. Hewa inayokimbia inafanya kazi kubwa kiasi kwamba miale haihesabiki. Na kama kifaa kiko juani, chagua nyeupe.

Nataka kuweka feni. Ipi, na ielekee wapi?

Feni ya kompyuta ya milimita 80 ni bora kuliko ndogo ya milimita 40, kwa sababu inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole na bila kelele. Nyingi ni za volti 12. Zikilishwa volti 5 za USB nyingi bado huzunguka, taratibu na kimya, na kwa ruta au dekoda upepo huo mdogo unatosha. Jaribu kabla ya kufunga: ichomoe na uichomeke mara kadhaa uone kama inaanza yenyewe kila mara. Waya mwekundu kwa kawaida ni chanya, mweusi ni hasi. Ikiwa kuna wa tatu wa kupimia mzunguko, uache.

Hewa hutokea upande wenye vile vikono vinavyoshika mota. Kwa kifaa kilicho wazi, puliza moja kwa moja kwenye hitisinki. Kwa sanduku au kabati, weka feni juu ikivuta hewa moto nje, na uhakikishe kuna tundu chini la kuingizia. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni feni na tundu kuwa jirani: hewa inaingia na kutoka palepale, na chipu ya upande wa pili haijui kama kuna feni.

Feni inaleta vumbi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya murram itaijaza ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Kipande cha chandarua kikuukuu mbele ya tundu la kuingizia hushika vumbi kubwa. Kitoe na kukung'uta kila unaposafisha nyumba, la sivyo kizuizi kinakuwa hicho chenyewe. Ndiyo maana naishauri feni mwishoni. Ni kitu kinachozunguka, kitachoka, na siku kikisimama kifaa ulichokizoesha upepo kinapata joto kuliko zamani.

Simu yangu inazima kwenye bodaboda mchana. Ni betri?

Pengine ni jua. Tufanye hesabu. Jua la adhuhuri hapa kwetu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Kioo cha simu ya kawaida kina sentimita 16 kwa 7.5, yaani mita za mraba 0.012. Hizo ni wati 12 zinazoipiga simu, na kioo cheusi kinameza sehemu kubwa. Simu yenyewe ikiwa na ramani na data haitumii zaidi ya wati chache. Kwa hiyo jua linaipasha mara kadhaa kuliko kazi inayoifanya. Ukiichaji hapohapo kwa waya wa pikipiki, umeongeza joto la tatu ndani ya betri yenyewe.

Bosi, fanya hivi: kwa safari unayoijua njia, weka simu mfukoni usikilize maelekezo kwa sikio moja. Inapobidi ikae kwenye usukani, toa kava nene, punguza mwanga wa kioo, na uichaji ukiwa kivulini kwenye steji, sio njiani. Upepo wa mwendo unasaidia sana. Simu nyingi hujizima kwenye foleni, pale upepo unaposimama na jua halisimami.

Kwa wenye vibanda vya bati vya mobaili mani, tatizo ni hilohilo likiwa limefichwa kidogo. Simu isikae kwenye rafu inayogusa bati wala nyuma ya kioo cha dirisha. Iweke kwenye mbao, chini, na uichaji asubuhi.

Naweza kuiweka kwenye friji ipoe haraka?

Hapana. Ukiitoa, unyevu wa hewa utageuka kuwa matone juu yake na ndani yake. Kitambaa kibichi pia hapana. Izime, toa kava, iweke kivulini juu ya sakafu ya saruji.

Mbona kifaa kinapata joto zaidi umeme ukiwa mdogo? Nilidhani ingekuwa kinyume.

Kwa balbu ya zamani ya waya ingekuwa kinyume. Adapta za kisasa hutafuta wati zilezile kwa njia yoyote. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 160, adapta huvuta mkondo mara 1.5. Joto linalozaliwa kwenye sehemu zenye ukinzani hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo 1.5 mara 1.5 ni 2.25: zaidi ya mara mbili. Kama jioni taa za mtaani kwenu hufifia, hiyo ndiyo saa adapta zako zinapoteseka. Zitoe nyuma ya kochi, zitenganishe kwenye ekstensheni, na adapta inayonuka au iliyobadilika rangi itupwe.

Na kontrola ya sola au inveta?

Kontrola ifungwe wima ukutani, nyaya zikiwa chini, na nafasi ya wazi juu na chini yake, mbali na betri. Alumini ya mgongoni ni hitisinki. Ukiibana kwenye mbao umeifunga.

Lakini kabla ya kulaumu kontrola, shika nyaya. Mara nyingi kinachoungua ni maungio. Skrubu iliyolegea ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, na mkondo wa ampia 10 ukapita, inazalisha wati 10 mahali padogo kama punje ya hindi. Plastiki inayeyuka na mwenye nyumba anaambiwa kontrola ilikuwa feki. Zima kila kitu, kaza skrubu zote kwa bisibisi inayolingana, na urudie baada ya wiki chache, maana shaba hulegea ikipata joto na kupoa.

Nisafisheje ndani?

Chomoa kwanza. Tumia brashi laini kavu na blowa. Ukipuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa kwa nguvu huzalisha umeme na inaweza kurudisha volti kwenye bodi, tena bearingi zake huharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji na chumvi.

Mende wanapenda dekoda kwa sababu ya joto lake, na kinyesi chao hupitisha umeme kikipata unyevu wa msimu wa mvua. Ukipunguza joto, watapungua pia. Dawa ya kupuliza isiingizwe kwenye matundu.

Kuna njia ya kupunguza joto bila kugusa kifaa?

Ipo. Zima ruta usiku kama hakuna anayeitumia. Dekoda iliyo kwenye taa nyekundu mara nyingi bado inawaka karibu yote. Izime kwenye soketi. Kwenye mipangilio ya ruta, punguza nguvu ya kurusha mawimbi kama nyumba ni ya vyumba viwili. Kwenye kompyuta ndogo, punguza kasi ya juu ya prosesa. Asilimia chache za kasi hununua nyuzi kadhaa, kwa sababu kasi ya mwishoni ndiyo inayodai volti nyingi.

Ni sehemu gani nisiguse kabisa?

Ndani ya adapta, inveta, runinga na pawasaplai ya kompyuta. Umeme wa volti 240 ukigeuzwa ndani kuwa mkondo mnyoofu hufika karibu volti 340, na kapasita kubwa inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa. Tena kwenye pawasaplai nyingi ile hitisinki yenyewe imeunganishwa na upande huo wa umeme mkubwa. Inaonekana kama kipande cha alumini kisicho na madhara, na inaua. Kama joto linatoka humo, kazi yako ni hewa ya nje tu. Ya ndani mpelekee fundi mwenye vifaa vya kumwaga chaji hiyo kabla ya kugusa chochote.